Kumtafuta Babu Aliyekwenda Vita ya Mjerumani, 1914–1918: Pa Kuanzia na Pa Kuchimba

Kosa linalowapotezea watu muda ni kuanza na jina. Jina la babu liliandikwa na karani asiyejua lugha yake, kwa tahajia aliyoisikia siku ile, na kama babu alikuwa mpagazi huenda halimo kabisa katika karatasi zilizosalia. Kabla ya kugusa jalada lolote tafuta majibu ya maswali manne: ilikuwa vita ipi, alikuwa upande gani, alifanya kazi gani, na alikuwa wapi mwaka gani. Ukipata matatu kati ya hayo utajua uende hifadhi gani. Ukiwa na jina peke yake utazunguka tu.

Kwanza, vita ipi

Wazee wakisema "vita ya Mjerumani" wanaweza kumaanisha ile ya 1914 au ile ya 1939, maana zote mbili adui wa Mwingereza alikuwa huyohuyo. Wakitaja Bama, Uhabeshi au Madagaska, ni ya pili. Wakitaja Taveta, Kilwa, Rufiji, Tabora au "kule kwa Mreno" (yaani Msumbiji), ni ya kwanza.

Fedha nayo inasema. Hadi 1920 malipo yalikuwa kwa rupia. Shilingi ilikuja baada ya hapo. Mzee anayekumbuka kwamba baba yake alirudi na rupia, au alidai rupia asilipwe, ameshakupa jibu. Uliza pia njaa na maradhi: Mtunya huko Ugogo (1917–1920), Rumanura huko Rwanda, na homa kali ya mafua ya mwisho wa 1918. "Alirudi kabla ya Mtunya kwisha" ni tarehe nzuri kuliko "zamani za Wajerumani". Majina ya marika, kwa makabila yaliyotahiri kwa rika, yanafanya kazi hiyohiyo, mradi umuulize mtu wa kijiji kilekile, kwa kuwa jina la rika hubadilika kutoka bonde hadi bonde.

Chanzo cha vita kilikuwa mbali na huku. Juni 28, 1914 Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, aliuawa Sarajevo. Mikataba ya kusaidiana ikawaburuta wakubwa mmoja baada ya mwingine, na Agosti 4 Uingereza ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani. Makubaliano ya Berlin ya 1885 yalikuwa yameacha nafasi ya makoloni ya ukanda huu kukaa kando, na gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka hivyo. Mkuu wa jeshi lake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka. Yeye alilenga kuwalazimisha Waingereza walete askari Afrika ili wapungue Ulaya. Agosti 8 manowari ya Kiingereza iliupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam, na Agosti 15 Wajerumani wakaiteka Taveta. Kwa mtafutaji, la kushika hapa ni reli. Kutokea Taveta Wajerumani waliishambulia reli ya Mombasa–Nairobi, ndiyo sababu karatasi za 1914 na 1915 za upande wa Kenya zimejaa Voi, Tsavo na Maktau.

Askari au mpagazi?

Jiandae kwa jibu ambalo familia haitalipenda: uwezekano mkubwa ni kwamba babu alibeba mzigo, hakubeba bunduki. Askari wa Keya (King's African Rifles, kwa kifupi KAR, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika) walianza na batalioni tatu mwaka 1914 na kumaliza na batalioni 22, watu wapatao 35,000. Wapagazi na vibarua walioandikishwa upande wa Waingereza wanakadiriwa kufikia milioni 1. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara hazikuwapo, basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda kichwani, paundi 50 hadi 60 kwa mtu, yaani kilo 23 hadi 27. Kizazi cha pili humpandisha cheo mpagazi bila nia mbaya. "Alikuwa vitani" hugeuka "alikuwa askari".

Maswali ya kutenganisha ni haya. Alilipwa kiasi gani? Mpagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza) alipata rupia 5 au 6 kwa mwezi. Askari wa Mjerumani alianzia karibu rupia 20. Alivaa nini shingoni? Mpagazi alipewa kibati chenye namba. Alikula nini, na nini kilimuumiza? Hadithi za kuhara ni dalili ya upagazi: unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka uliwaharibu matumbo watu waliozoea ndizi, wali au uwele, na kuhara damu, malaria na nimonia viliua wengi kuliko risasi. Jumla ya wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa inakadiriwa kuwa karibu 100,000.

Kama kweli alikuwa askari, tafuta upande. Bunduki yenye kutoa wingu la moshi ni ya Mjerumani: mwaka 1914 kombania zake nyingi zilikuwa bado na bunduki ya zamani ya modeli ya 1871, yenye baruti ya moshi. Bibi aliyesafiri na mumewe na watoto nyuma ya jeshi pia ni dalili ya upande wa Mjerumani. Cheo, kwa upande mwingine, usikitegemee. Ombasha, shaushi na efendi ni maneno ya Kituruki yaliyoletwa na askari wa Kisudani, na yalitumika pande zote mbili.

Mtego mkubwa zaidi: mtu mmoja aliweza kuwa pande mbili. Mwaka 1917 Waingereza waliunda Keya ya 6 kwa kuwachukua mateka waliokuwa askari wa Mjerumani. Kwa hiyo masimulizi mawili yanayopingana ndani ya ukoo mmoja yanaweza kuwa ya kweli yote. Kuna tena rugaruga, wapiganaji wa kukodi waliotumiwa na pande zote, ambao hawakuingizwa kwenye daftari lolote la mishahara. Kwa rugaruga, masimulizi ya ukoo ndiyo hifadhi yenyewe.

Majina ya mahali ni kalenda

Hapa ndipo kazi inapolipa. Majeshi yalisogea kutoka kaskazini kwenda kusini kwa mpangilio unaojulikana karibu kwa wiki, hivyo ukipata majina mawili ya mahali unaweza kumpa babu mwaka, mara nyingine mwezi. Mwache mzee ataje mahali bila wewe kumtajia, ukishasema "je, alifika Rufiji?" atakujibu ndiyo kwa adabu tu.

Tanga ni Novemba 2 hadi 5, 1914: jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India lilishuka pwani likashindwa na Wajerumani waliokuwa karibu 1,000. Jasini, mpakani, ni Januari 1915. Delta ya Rufiji ina maana mbili, na watu huzichanganya. Kama hadithi ina meli, ni *Königsberg*, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha ile ya Kiingereza, *Pegasus*, bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914 na kumalizwa deltani Julai 11, 1915. Wajerumani waliivua mizinga yake 10 na kuizungusha nchi nzima kwa nguvu za wapagazi. Kama hadithi ina mvua, njaa na matope, ni mwanzoni mwa 1917, wakati majeshi ya Uingereza yalipokwama mtoni.

Kilima cha Salaita ni Februari 12, 1916. Latema na Reata ni Machi 11 na 12, Kahe ni Machi 21, Kondoa Irangi ni Mei mwaka huohuo. Dar es Salaam ilitekwa mwanzoni mwa Septemba 1916. Ukisikia Kigali kisha Tabora, umetoka kwa Waingereza umeingia kwa Wabelgiji: jeshi lao la Kongo, lenye wapagazi wake wengi, liliingia Kigali Mei 1916 na Tabora Septemba 19, 1916. Familia za Kivu, Burundi, Rwanda na Kigoma mara nyingi hutafuta London bure wakati karatasi zao ziko Brussels.

Safari ya baharini kwenda Kilwa au Lindi ni dalili ya 1917. Mwaka huo, kwa ajili ya vita vya kusini, John Ainsworth, afisa wa serikali ya Kiingereza, alipewa kazi ya kukusanya wapagazi Kenya nzima, na sheria ya 1915 ilikuwa imeshawapa wakubwa nguvu ya kuchukua watu kwa lazima. Kwa wilaya nyingi hiyo ndiyo "mwaka watu walipokamatwa". Pwani kuna sura yake: baada ya uasi wa Wagiriama wa 1914, sharti mojawapo la amani lilikuwa kutoa vibarua. Mahiwa, karibu na Nyangao, ni Oktoba 15 hadi 18, 1917, mapigano ya damu kuliko yote ya kampeni hii. Novemba 25, 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma; chochote cha "kwa Mreno" ni baada ya hapo, na Namakura ni Julai 1918. Vita vilikwisha Ulaya Novemba 11, 1918, lakini huku silaha ziliwekwa chini Abercorn Novemba 25. Mtu aliyekufa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo, iliko Abercorn) katikati ya tarehe hizo mbili hajakosewa tarehe.

Unapotafuta kwenye ramani na majalada, tumia jina la wakati ule. Abercorn ni Mbala. Bismarckburg ni Kasanga, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Wilhelmstal ni Lushoto, Sphinxhafen ni Liuli, Wiedhafen ni Manda. Fort Hall ni Murang'a, Usumbura ni Bujumbura, na Port Amelia ni Pemba ya Msumbiji, ambayo watu huendelea kuichanganya na kisiwa. Kenya kabla ya 1920 imo chini ya "Protektoreti ya Afrika Mashariki ya Kiingereza", na Tanganyika haikuwa na jina hilo kabla ya 1920.

Vitu vilivyobaki sandukuni

Kabla hujatumia nauli, fungua sanduku la bibi. Medali ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na mtu uchi juu ya farasi pamoja na miaka 1914 na 1918 upande wa pili, ni ya vita hii. Mwenzake ni wa rangi ya shaba, una malaika mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Angalia ukingo. Medali hizi zilipigwa chapa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, ilhali medali za Kiingereza walizopewa askari wa Keya kwa vita ya 1939–1945 zilitolewa bila jina. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia. Maandishi ya ukingoni ni membamba na husagika. Weka taa ubavuni, tumia kioo cha kukuzia, piga picha tatu kwa pembe tofauti. Namba andika kama ilivyo, hata kama ina sifuri mbele.

Kikosi cha Keya kimeandikwa kama mgawanyo: 3/4 KAR maana yake ni batalioni ya tatu ya rejimenti ya nne. Rejimenti ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland (Malawi ya leo), ya 3 ya Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 7 ilitoka Zanzibar. Watu husoma 3/4 kinyume, wakaishia kumtafuta Mganda kwenye karatasi za Kenya.

Sarafu husaidia kidogo. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na zile za heller 20 zenye herufi T, zilipigwa Tabora mwaka 1916 Wajerumani walipoishiwa fedha. Zinaonyesha kwamba mtu alikuwa eneo la Mjerumani, si zaidi. Zilizunguka mikononi mwa wachuuzi kama sarafu yoyote.

Karatasi ziko wapi

Kwa Kenya, anzia Hifadhi ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi, lakini usiombe "orodha ya Kariakoo". Omba ripoti za mwaka za wilaya na jimbo za 1914 hadi 1920. Majalada yana vifupisho: DC/MKS ni Machakos, DC/KTI Kitui, DC/FH Fort Hall, DC/KBU Kiambu, DC/NN Nyanza ya Kaskazini, PC/NZA jimbo la Nyanza, PC/COAST Pwani. Ndani yake utakuta idadi ya watu waliochukuliwa, machifu waliowatoa, waliorudi na wasiorudi. Jina la babu hutaliona. La chifu wake utaliona, na hilo ndilo unalopeleka kijijini kuulizia.

Kwa Tanzania, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya serikali ya Kijerumani yanayoanza na herufi G, na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza vilivyokusanya historia za watawala wa sehemu kwa sehemu. Majalada ya G mengi yameandikwa kwa mkono wa Kijerumani cha zamani, hati inayoitwa Kurrent, ambayo hata Mjerumani wa leo hushindwa kuisoma. Herufi e na n zinafanana kabisa. Piga picha za kurasa kwa ruhusa kisha umtafute msomaji wa hati hiyo. Usibahatishe. Zanzibar ina hifadhi yake Kilimani.

London, kwenye Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, karatasi zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika. WO ni Ofisi ya Vita, CO ni Ofisi ya Makoloni. WO 95 ni shajara za vita za vikosi, siku kwa siku. Wazungu hutajwa kwa majina, Waafrika kwa idadi. Ndiyo maana ulihitaji tarehe na mahali: unasoma siku ya Mahiwa ya kikosi cha babu, hutafuti jina lake. WO 329 ni orodha za medali kwa jeshi, na WO 372 ni kadi zake kwa majina. Kukosekana kwenye kadi hakuthibitishi kwamba mtu hakuwapo vitani. CO 534 ni barua za Keya, CO 533 za Kenya, CO 536 za Uganda, CO 691 za Tanganyika, CO 525 za Nyasaland. Kwa wapagazi, tafuta ripoti ya Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa Kariakoo, ya mwaka 1919: ndiyo inayoeleza uandikishaji, posho, hospitali, na mishahara ya marehemu ambayo warithi hawakuwahi kuipata.

Upande wa Mjerumani ni mgumu zaidi. Hifadhi ya jeshi huko Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Kilichobaki ni karatasi za ofisi ya makoloni, kundi R 1001, Berlin-Lichterfelde. Malipo ya baadaye ni mlango wa pembeni: mwaka 1927 Ujerumani ililipa malimbikizo ya askari wake wa zamani, na mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba asiye na cheti alipewa ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani. Kama babu aliishi hadi miaka ya sitini, waulize wajukuu wakubwa kama aliwahi kuitwa kupokea fedha.

Kuandika jina kwa njia kumi

Ukifika kwenye utafutaji wa jina, andika kwanza namna zote ambazo sikio la kigeni lingelisikia. Kwa Kijerumani, sh ni sch, ch ni tsch, j ni dsch au dj, y ni j, v ni w. Juma ni Djuma au Dschuma. Shabani ni Schabani. Yusufu ni Jusuf. Kwa Kiingereza Mwangi anaweza kuwa Muangi, na "bin", "wa" na "arap" huweza kuwekwa mahali pa ukoo, kuunganishwa au kudondoshwa. Tafuta kwa jina moja moja. Wengine waliandikishwa kwa jina la chifu, la kijiji au la utani, na wengine walitoa jina la uongo makusudi, kwa sababu aliyekusudia kutoroka hakutaka kufuatwa nyumbani.

Kama hakurudi

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina utafutaji wa bure mtandaoni. Usishangae usipomkuta. Sanamu za askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, zilizosimamishwa miaka ya 1920, zinawataja wote kwa ujumla bila jina hata moja. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Jina linaweza kuongezwa, kwa masharti. Lazima uonyeshe kwamba alikuwa kwenye utumishi na kwamba alikufa kati ya Agosti 4, 1914 na Agosti 31, 1921. Kama alishaachishwa kazi kabla ya kufa, lazima uonyeshe pia kwamba kifo kilitokana na utumishi, na hapo ndipo maombi mengi ya wapagazi hukwama: waliruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa wanahara, wakafia njiani au mlangoni, bila karatasi. Tuma picha za ukingo wa medali au kibati, kurasa za jalada zikiwa na namba yake kamili, na masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa, kila moja likiwa na jina la msimulizi, uhusiano wake na marehemu, na tarehe uliyomsikiliza. Masimulizi peke yake huwa dhaifu. Yakiambatana na ripoti ya wilaya inayoonyesha chifu yuleyule akitoa watu mwezi uleule, yanapata nguvu. Ingiza kumbukumbu ya kila jalada kwa herufi na namba zilezile, kwa mfano DC/KTI na kinachofuata, maana mkaguzi atakwenda kulifungua mwenyewe.